SHIRA YA MCHAICHAI: HASARA NILIYOIPATA NA NILICHOJIFUNZA

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanakikundi siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi, Tanga)



Nimeombwa nieleze kile kinywaji mlichopokelewa nacho mlangoni. Wengi mmeniuliza, hii juisi ya nini? Jamani, siyo juisi. Ni maji baridi, ndimu, na vijiko viwili vya mezani vya shira ya mchaichai kwa kila glasi. Shira mnaijua, ndiyo hii tunayotia kwenye kaimati. Yangu nimeitia majani tu.

Nitaeleza utengenezaji wake, halafu nina neno moja la moyoni.

Chukua mabua kumi ya mchaichai, osha, katakata, ponda kidogo kwenye kinu. Tia kwenye sufuria na maji lita 1, funika, chemsha kwa moto mdogo dakika 10. Epua, acha limefunikwa nusu saa. Chuja kwa kitambaa safi. Sasa hapa wengi ndipo tunapokosea: pima tena yale maji. Mengine yamekwenda na mvuke na mengine yamenywewa na majani, kwa hiyo ongeza mpaka yafike lita 1. Ndipo utie sukari kilo 2. Koroga mpaka iyeyuke yote, rudisha motoni, ikichemka tu, epua. Ukiendelea kuichemsha maji yatapungua, na ikipoa sukari itaganda chini ya chupa.

Chupa ziwe za kioo. Ziweke kwenye maji yakiwa bado baridi, chemsha nazo dakika 10, zisije zikapasuka. Mimina shira ya moto kwenye chupa zikiwa bado za moto, ziba. Kipimo hicho kinatoa lita mbili na robo hivi. Weka kwenye friji.

Nanaa na mrehani havitaki kuchemshwa. Ukivichemsha harufu inapotea na ladha inakuwa ya majani makavu. Pika shira yako kwanza, epua, ndipo utie konzi mbili za majani, funika dakika 20, chuja. Hii pika kidogo kidogo, ile ya kumalizika mapema. Na usiache majani ndani ya chupa kwa urembo, yanaleta ukungu. Ndimu nayo kamua kwenye glasi wakati wa kunywa.

Jambo la afya nisilifiche. Vile vijiko viwili vina sukari gramu 27 hivi, sawa na vijiko sita vya chai. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa kwa mtu mzima isizidi gramu 50 hivi kwa siku, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Kwa hiyo hiki ni kinywaji cha sherehe. Mwenye kisukari umpe maji ya mchaichai matupu, yananukia vile vile.

Sasa neno langu.

Mwaka wetu wa nne nilikopa hapa ili nipike chupa 40 za nusu lita kwa ajili ya harusi. Hesabu yake ilikuwa sukari kilo 18 na maji lita 9. Mimi nikatia sukari kilo 9 na maji lita 15. Chupa zikajaa zote 40, na kwa macho hukuona tofauti. Fedha ya zile kilo 9 nikanunua khanga za sare ya harusi hiyo hiyo.

Siku ya nne usiku nikasikia mlio jikoni. Chupa imepasuka. Asubuhi nyingine zinatoa povu, vizibo vimeruka, nyumba nzima inanuka kama kilabu cha pombe. Sababu ni kwamba sukari ikiwa nyingi kwenye shira, inayashika maji na vijidudu vya kuchachusha havipati nafasi. Ukiipunguza nusu umewafungulia mlango, na joto letu hili la Tanga mnalijua.

Nilirudisha malipo ya watu wa harusi. Kwenye kikundi nikakosa vikao viwili, nikatuma salamu kwamba naumwa. Nilikuwa sijui naumwa nini, ila nilijua mdhamini wangu atakatwa akiba yake. Akiba hiyo alikuwa ameiweka kwa ajili ya ada ya mjukuu.

Akaja nyumbani, mama huyu, yupo hapa amekaa, jina simtaji. Hakugomba. Aliionja ile shira, akatema, akaniuliza, "Mwanangu, sukari ulipima?" Nikamwambia nilipima, ni joto tu limeiharibu. Akanitazama, akasema, "Haya." Kikao kilichofuata alisimama akaniombea miezi mitatu ya ziada. Mkaniongezea, na deni nililipa lote, akiba yake haikuguswa.

Lakini akina mama, lile jibu langu lilikuwa uongo, nanyi mlinisamehe kwa kitu ambacho sicho. Leo ndiyo nalisema mbele yenu, na mbele yake yeye kwanza. Mama, sukari sikuipima. Niliipunguza kwa makusudi. Nisamehe.

Tangu siku ile sipunguzi. Sukari ikipanda bei, napika chupa chache. Mkinunua kwangu chupa ikatoa povu, harufu ya pombe au ukungu, imwageni, mje mchukue fedha yenu. Na binti yeyote anayetaka kujifunza, aje nyumbani Jumamosi na mzani wake.