Husuni Kubwa na Waliokaa Humo: Mada Iliyosomwa katika Semina ya Historia, Goba



Hapa Goba, ambako hakuna kilima kisichokuwa na nyumba inayoinuka, na nondo zimeachwa wazi juu ya paa zikingojea ghorofa ambayo mwenyewe hajaipatia fedha, nimeona yafaa niwasimulie habari za jumba lililohamwa kabla halijakamilika, nalo ni Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, iliyojengwa juu ya jabali la bahari mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa ukoo wa Mahdali, aliyelakabiwa Abul-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa.

Jumba lile lina vyumba zaidi ya 100, vya mawe ya matumbawe na chokaa. Na kwa kuwa dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake una kikomo, vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba, hata naweza kusema kwamba mkoko ndio uliompimia Sultani upana wa chumba chake. Mlikuwamo birika la kuogea lenye pande 8, na ua mpana wa kusini unaodhaniwa kuwa ulikuwa wa biashara, kwani utajiri wa Kilwa ulitokana na dhahabu ya Sofala.

Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, amehadithia jinsi fakiri wa Yemen alivyomkabili Sultani akitoka katika sala ya Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa, naye akazivua akampa. Kisha mwanawe Sultani akazikomboa kwa watumwa 10, na Sultani, aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaongeza watumwa 10 wengine na mizigo 2 ya pembe za ndovu. Wasomaji wengi huishia kwenye ukarimu huo, nao ulikuwa ukarimu kweli. Lakini mimi, kila niisomapo habari hii, fikira zangu huwaendea wale watu 20 waliohesabiwa pamoja na pembe na nguo, bila ya mmoja wao kuulizwa jina.

Vivyo hivyo kwa waashi. Sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan imepatikana hata Zimbabwe Kuu, na maandishi yenye jina lake yamefukuliwa katika mahame ya jumba lenyewe. Bali aliyechoma chokaa, na aliyechonga pande 8 za birika zikakutana sawasawa, sijakuta jina lake katika maandishi yoyote yaliyotufikia.

Basi nawasihi, wenzangu wa Goba, mnaoweka hati za viwanja katika masanduku yenu: chukueni karatasi moja zaidi, muandike jina la fundi aliyejenga, la kibarua aliyemchotea maji, na la mzee aliyelima hapo kabla ya nyumba, mkaiweke pamoja na hati hiyo.