Uso wa mtoto mwenye ualbino hautunzwi kwa chupa moja ya mafuta

(Mada iliyotolewa na Ofisi ya Miradi ya Dayosisi kwa kamati za Diakonia za sharika na marafiki wanaochangia kazi hii)



Tumeombwa kuzungumzia utunzaji wa ngozi ya uso. Huenda baadhi yenu mmeshangaa, kwa kuwa mmezoea kutusikia tukizungumza habari za visima, mbuzi wa maziwa na vikundi vya akina mama. Lakini katika sharika zetu wako watoto ambao kwao kunawa uso, kuvaa kofia na kukaa kivulini ni jambo la uhai. Hao ni watoto wenye ualbino.

Ualbino ni hali ya kurithi. Mtoto huupata pale anapopokea vinasaba vyake kutoka kwa baba na kwa mama pia, hata kama wazazi wote wawili wana ngozi nyeusi. Wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mwenye ualbino. Kwa hiyo baba asimlaumu mama, wala mtu yeyote asiseme ni laana. Kwa Tanzania, makadirio yanayotumika mara nyingi ni mtu 1 kati ya 1,400. Usharika mkubwa usiseme hauna hata mmoja kabla ya kuuliza nyumba kwa nyumba.

Mwili wa mtu huyu hautengenezi melanini ya kutosha, yaani ile rangi inayoikinga ngozi na mionzi ya jua. Jua linalotupa sisi jasho tu, yeye linamuunguza. Kwanza ngozi huwa nyekundu, baadaye hukauka na kuwa na magamba, midomo hupasuka, vidonda hutokea, na mwisho huweza kuwa saratani. Sehemu zinazoumia zaidi ni uso, masikio, midomo na shingo. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1985 ulionyesha kuwa ngozi huanza kuharibika tangu miaka kumi ya kwanza ya maisha. Maana yake ni kwamba tukisubiri mtoto afike kipaimara ndipo tumtafutie kofia, tumechelewa.

Tangu miaka ya 2006 na 2007 nchi yetu ilitikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino, na Kanisa lilipaza sauti kama ilivyostahili. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 13 Juni kuwa siku ya kimataifa ya uelewa juu ya ualbino. Lakini jua linaua polepole, na kifo chake hakitangazwi redioni. Tena saratani hii inazuilika.

Ndugu zetu, sasa tuzungumze kuhusu mafuta ya kujikinga na jua. Mara nyingi msaada unaotufikia ni katoni ya mafuta haya. Tunashukuru sana. Lakini tufanye hesabu pamoja. Mtoto akipakwa nusu kijiko cha chai usoni, masikioni na shingoni, hiyo ni kama mililita 2.5. Wataalamu wanashauri kurudia kila baada ya saa mbili akiwa juani. Akipakwa mara tatu kwa siku, anatumia mililita 7.5. Chupa ya mililita 100 inakwisha ndani ya siku 13. Kwa robo moja ya mwaka anahitaji chupa 7, na hapo hatujahesabu mikono wala miguu. Usharika uliompa mtoto chupa moja wakati wa Krismasi na kupiga naye picha umemkinga kwa wiki mbili.

Ndiyo maana tunasema mafuta yawe ni nyongeza, na msingi uwe kofia, nguo, kivuli na ratiba. Hayo hayaishi kama chupa.

Kofia. Kapelo haifai peke yake, kwa kuwa inaacha masikio na shingo nje. Inatakiwa pama yenye ukingo wa sentimita 8 hivi pande zote, ya kitambaa kizito. Kipimeni kitambaa kwa kukiinua kuelekea kwenye mwanga: mkiona mwanga unapenya kwa urahisi, na mionzi itapenya. Fundi cherehani wa usharika anaweza kuishona. Mtoto awe na kofia mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe. Tumekuta mahali ambapo mtoto alivuliwa kofia shuleni kwa sababu si sehemu ya sare. Wazee wa kanisa, hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji ninyi kwenda kuzungumza na mwalimu mkuu kwa heshima.

Kivuli na ratiba. Jua ni kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Shamba, kuni na maji vipangwe kabla au baada ya hapo. Darasani mtoto akae mbele, mbali na dirisha lenye jua, maana macho yake pia ni dhaifu. Na sisi wenyewe tujiangalie. Baada ya ibada tunafanya mnada wa mavuno nje, saa sita mchana, na watoto wanasimama juani mpaka kuku wa mwisho auzwe. Turubai moja linatosha kubadili hali hiyo. Wale wa milimani wasidanganywe na baridi wala mawingu. Mionzi hupenya mawingu mepesi, na huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000.

Kunawa. Asubuhi mtoto anawe uso kwa maji safi na sabuni laini ya kuogea. Sabuni ya mche ya kufulia hukausha ngozi, na dodoki huichubua. Akaushwe kwa kubonyezwa taratibu kwa kitambaa laini, kisha apakwe mafuta ya kinga yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi, akae nusu saa ndipo atoke. Jioni anawe tena kuondoa vumbi, jasho, moshi wa jikoni na mabaki ya mafuta. Hapo ndipo apakwe vaselini ili ngozi isikauke usiku. Lakini vaselini na mafuta ya kupikia havizuii jua hata kidogo, na kuna akina mama wengi wanaodhani vinazuia. Mkorogo nao usiguse ngozi hii kabisa. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Palipo na shida ya maji, kibuyu chirizi kinatosha. Tena tabia ya kunawa uso inawafaa watoto wote, kwa sababu ni sehemu ya mapambano dhidi ya ugonjwa wa trakoma.

Kukagua. Wakati wa kunawa jioni mzazi aangalie uso, nyuma ya masikio, midomo na shingo. Akiona kidonda kisichopona kwa wiki nne, kipele kinachokua, au mahali panapotoa damu kirahisi, asikae nacho kwa dawa za mtaani. Ampeleke hospitali. Kwa sisi wa kaskazini, pale KCMC Moshi kipo Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichoanzishwa mwaka 1992, na ndipo yalipoanza kutengenezwa mafuta ya kinga yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Dalili zikiwahiwa, tiba ni ndogo. Zikichelewa, ni upasuaji mkubwa usoni, na mara nyingine hata huo hausaidii.

Kwa kamati za sharika, tunaomba mambo matatu. Kwanza, tambueni watoto hawa na kutunza orodha kwa siri, kwa ridhaa ya wazazi. Pili, mchagueni mama au baba mmoja wa kumtembelea kila mtoto mara moja kwa mwezi, akiangalia kofia, chupa na ngozi. Tatu, ulizeni hospitali ya wilaya na ofisi ya ustawi wa jamii juu ya mafuta ya kinga kabla ya kutuandikia sisi.

Kwa marafiki wafadhili, tunaomba mchango wenu uwe mdogo unaorudi kila robo mwaka kuliko mkubwa unaokuja mara moja. Changieni vitambaa vya kofia, mafuta kwa mpangilio, na nauli ya kwenda kliniki. Nauli ndiyo inayokwamisha wengi. Katika taarifa zetu hatutawatumia picha za nyuso za watoto hawa, kwa ajili ya usalama na heshima yao. Tutawaandikia ni wangapi wana kofia, wangapi wamekaguliwa na wangapi wamefika kliniki.

Mtoto mwenye ualbino akitunzwa hivi tangu utotoni anaweza kusoma, kuoa au kuolewa, na kuzeeka kama sisi. Hilo liko ndani ya uwezo wa usharika wowote wenye fundi cherehani na wazee wanaojali.