Msimnyang'anye Nyanya Jembe Lake



Atokaye Muhuru Bay kule Migori, akafuata ukingo wa ziwa mpaka Sindo na Mbita katika kaunti ya Homa Bay, hakosi kumwona babu aliyekuwa akivuta nyavu usiku kucha, ambaye sasa hushika mashua kwa mikono miwili kabla hajathubutu kuteremka. Wala hakosi kumwona nyanya aanikaye omena, ambaye akisha kuinama kuwageuza samaki hainuki ila kwa kuegemea bega la mjukuu. Watu husema, “Ni uzee,” wakadhani habari imekwisha; nami naona haijaanza.

Maana msuli hauna hiari yake wenyewe. Ndani ya uti wa mgongo mna chembe za neva, na kila moja hutawala kundi lake la nyuzi za msuli, pengine zaidi ya elfu kwenye mguu, zisizotii amri nyingine. Mwaka 1977 wataalamu wawili wa Newcastle, Uingereza, walizihesabu chembe hizo katika maiti 47 za vijana na vikongwe, wakakuta kwamba mpaka umri wa miaka 60 hazipungui, kisha huanza kutoweka, hata wazee wengine wakabakiwa na nusu tu ya hesabu ya ujana.

Chembe ifapo, nyuzi zake hubaki mayatima. Ndipo jirani iliyo hai huchipuza tawi, ikazifikia, ikazilea pamoja na zake. Mintarafu ya jambo hili watu wa Homa Bay hawahitaji maelezo marefu, kwani UKIMWI ulipowachukua wazazi, ni akina nyanya waliowalea wajukuu kwa mikono ambayo yenyewe ilikuwa ikiishiwa nguvu. Lakini ulezi una kikomo chake, na nyuzi zikosazo mlezi hunyauka, aghalabu zile za kasi, ambazo ndizo humdaka mtu ajikwaapo.

Huruma nayo huongeza madhara. Kijana arudi kutoka Nairobi, amkute mama yake shambani, aone haya mbele ya majirani, amketishe kitini na kumwajiria kibarua. Na msuli usiotumika huzidi kudhoofu. Mwaka 1990, mjini Boston, Marekani, Maria Fiatarone na wenzake waliwapa wazee 10 wa umri wa miaka 90 hivi mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu, na baada ya majuma 8 nguvu zao zilikaribia kuwa mara tatu. Neva zilizokufa hazikufufuka. Zilizosalia, pamoja na misuli yake, zilipewa kazi.

Hasha, sisemi ajuza apandishe ndoo ya maji kutoka ziwani kwa kukosa mtu wa kumtekea. Huo ni udhalimu. Nasema asinyimwe kazi aiwezayo, wala asinyimwe kitoweo cha kujenga msuli, ilhali omena hupakiwa magunia kwa magunia kwenda kulisha kuku, naye nyanya aliyeianika ale ugali kwa mboga peke yake.

Jioni ya leo mwombeni ainuke kitini bila kushika kitu, aketi, ainuke tena, nanyi mkiwa karibu naye. Mpakulieni omena sahani iliyojaa. Na kesho asubuhi, akiuliza jembe dogo liko wapi, mwonyesheni, na mstari mmoja wa mtama uwe wake.