MAZUNGUMZO: NAFASI ZA UKARANI WA MIZANI ZITENGWE AU ZISITENGWE?

(Maneno ya Kamati ya Elimu ya Ushirika mbele ya wanachama. Tunayabandika hapa kwa ajili ya waliokuwa shambani, maana kura itapigwa mkutano ujao.)



Kamati imependekeza kwamba kati ya vijana wanne watakaofundishwa ukarani wa mizani kabla ya msimu wa alizeti, wawili wawe wasichana, na nafasi moja apewe kijana mwenye ulemavu akijitokeza. Pendekezo hili limezua maneno kisimani na kilabuni. Wapo wanaosema eti Kamati inagawa kazi kama pilau ya arusi. Wengine wanasema mizani haijui mwanamke wala mwanamume, inajua kilo tu. Maneno hayo yana uzito, nasi hatukuja kuyacheka.

Hebu kwanza tukumbuke mkoa wetu ulikotoka. Nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961, shule hazikuwa zimeenea sawasawa. Palipokuwa na kahawa na misheni za mapema, kama Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe, shule zilikuwa nyingi. Huku kwetu katikati ya nchi zilikuwa za kuhesabika. Sasa, kama watoto wa darasa la saba wa nchi nzima wangepangwa mstari mmoja kwa alama peke yake, viti vichache vya kidato cha kwanza vingechukuliwa na mikoa ileile kila mwaka. Kwa hiyo katika miaka ya 1970 Serikali ikaweka mgawo: kila mkoa ukapata fungu lake, na wasichana wakatengewa lao. Mtoto wa Iramba au Manyoni akashindana na wenzake waliokaa chini ya mti uleule. Wengi walisoma kwa mgawo ule, wakawa waganga na walimu, na hatujamsikia mgonjwa akimwuliza mganga alipata alama ngapi darasa la saba.

Lakini tuseme ukweli wote, si ule unaotupendeza tu. Mgawo uliumiza watu. Kule Moshi mtoto mwenye alama za juu aliachwa, akamwona wa mkoa mwingine mwenye alama za chini akiingia. Wazazi wake hawakufurahi, na sisi tungekuwa wao tusingefurahi. Wakafanya nini? Wakachanga, wakajenga shule zao. Kufikia miaka ya 1980 Kilimanjaro ilikuwa mbele kwa sekondari za binafsi, na pengo lililozibwa mlangoni likafunguka dirishani. Mgawo uligawa viti vilivyokuwepo. Haukuongeza kiti hata kimoja, wala haukumpelekea mtoto wa kijijini kitabu. Hata leo, mkoani mwetu humu, wapo ndugu zetu Wahadzabe wa Mkalama ambao maisha yao ni kuwinda na kuchuma porini. Ukimtengea mtoto wao nafasi ya chuo bila bweni, na bila mtu wa kumfikisha darasa la saba, umetenga karatasi.

Hapa ndipo Kamati ilipokaa muda mrefu. Tukatazama mambo mawili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

La kwanza ni la Azimio la Musoma la mwaka 1974. Lilisema mtu afanye kazi kwanza ndipo aende Chuo Kikuu. Kanuni moja kwa wote, tena nzuri kwa masikio. Kumbe wasichana wakapungua, kwa sababu miaka ile ya kazi ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa. Haukupita muda mrefu wakaruhusiwa kuingia bila kungoja. Basi kanuni inaweza kuwa moja na bado ikamlemea mmoja.

La pili ni la miaka ya 1990, na hili ndilo lililotukaa moyoni. Wasichana waliopungukiwa kidogo alama za kuingia masomo ya sayansi walipewa kwanza mafunzo ya wiki chache, kisha wakapewa mtihani. Aliyefaulu akaingia. Hapo hakuna aliyepewa ushindi. Walichotengewa ni nafasi ya kujifunza.

Na hivyo ndivyo tunavyotaka sisi. Kinachotengwa ni mafunzo ya wiki tatu. Kazi yenyewe itatolewa kwa mtihani, na mtihani ni mmoja. Tuseme mkulima ameleta magunia matatu, kilo 62, 65 na 59. Toa kilo moja ya kila gunia tupu. Kama bei ni shilingi 900 kwa kilo, andika stakabadhi yake. Jibu ni shilingi 164,700, kwa mvulana na kwa msichana. Atakayeandika 167,400 hapati mizani, awe nani.

Kuhusu sheria msiwe na hofu. Katiba yetu, tangu mabadiliko ya mwaka 2000, haihesabu kuwa ni ubaguzi Serikali ikichukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 nayo inaruhusu hatua za kuleta usawa kazini. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Sisi hatufiki 20, kwa hiyo hakuna wa kutushika shati. Ni hiari yetu. Na karani habebi gunia jamani, anaandika.

Wanasema msichana ataolewa aondoke na ujuzi wetu. Vijana wa kiume nao huondoka, wanakwenda machimboni Sekenke, wanakwenda Dar es Salaam, na hatujasikia mtu akisema wasifundishwe.

Hoja inayotuuma sisi wenyewe ni nyingine: kwamba nafasi za kutengwa zitaishia kwa watoto wa wakubwa. Hili ni kweli mahali pengi. Binti wa mwenye duka na lori anaingia kwa jina la wanyonge, na yule wa kitongoji cha mbali anabaki na ndoo. Kwa hiyo tumeweka masharti. Mtoto wa mjumbe wa Kamati au wa Bodi hatachukua nafasi ya kutengwa. Akitaka aje katika zile za wazi. Mafunzo yatakuwa saa tisa alasiri, maana asubuhi wasichana wako kisimani. Na utaratibu huu uwe wa misimu mitatu, kisha mkutano uuangalie upya. Ikionekana wasichana wanajaza nafasi bila kutengewa, tunaufuta.

Majina yapelekwe kwa Katibu kabla ya siku ya mkutano. Mwenye kupinga naye aandike hoja yake, tutaibandika hapa chini ya hii, kwa mwandiko uleule.