Kuku na Baridi ya Kipupwe

Somo la leo lawahusu hasa ninyi mnaofuga kuku Njombe, Makete na nyanda nyingine za juu, ambako mwezi wa Juni na Julai umande huweza kuganda usiku mmoja.

Baridi ikija ghafula, wengi wetu huziba kila tundu la banda. Hilo ni kosa. Kuku mkavu hutunisha manyoya yake, na hewa inayokaa humo humhifadhi joto. Lakini pumzi na mavi ya kuku hutoa unyevu. Banda likizibwa lote, manyoya hulowa, na hewa mbaya huumiza mapafu. Basi ziba kwa gunia upande unaopigwa na upepo, ila acha nafasi wazi juu, karibu na paa.

Tandaza maranda makavu, uondoe yaliyolowa. Jioni wape mahindi kidogo, maana chakula tumboni ndicho kuni za usiku.

Vifaranga waangaliwe zaidi. Wakisongamana na kulia, wanasikia baridi. Wakitawanyika na kula, joto latosha. Wakilikimbia jiko, limezidi. Lakini jiko la makaa lisiwekwe kamwe katika chumba kilichozibwa. Hewa yake huua vifaranga, na mtu pia.

Leo jioni, kabla ya kufunga mlango, ingia bandani, uiname, unuse. Harufu ikikuchoma macho, fungua juu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.