Mzee wa Reli na Kinanda
(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Timau)

Tumeombwa kusema machache juu ya marehemu mzee wetu, rafiki wa vikundi vyote hapa, na tutasema bila kupamba.

Mnajua alivyopenda gari la moshi. Ajabu ni kwamba sisi wa Timau hatuna reli. Ile ya kutoka Nairobi kupitia Thika na Karatina iliishia Nanyuki. Treni ya abiria iliporudi Nanyuki mwezi wa Desemba 2020, baada ya miaka mingi, mzee alituandama mpaka tukakubali kusafiri naye. Huko Nairobi alitupeleka moja kwa moja kwenye makumbusho ya reli, akatusimamisha mbele ya injini ya mvuke nambari 5918, iitwayo Mount Gelai. Ilitengenezwa Manchester, Uingereza, miaka ya 1950, na uzito wake unazidi tani 250. Sisi tulikuwa na njaa, jamani! Yeye anaeleza tu: maji huchemka, mvuke hubanwa, husukuma pistoni, magurudumu yakazunguka.

"Na kinanda chetu ni ndugu yake huyu," akasema. Miguu hukanyaga, mvukuto husukuma hewa, hewa hupita kwenye vilimi vya shaba, navyo vikitetemeka ndiyo sauti. Mvukuto ukitoboka, hata mpigaji hodari hana la kufanya.

Hapo ndipo tunapoona haya. Mvukuto wa kinanda cha kanisa ulikuwa umetoboka. Mara tatu mzee alikuja mkutanoni kuomba pesa za ngozi, na mara tatu tukamjibu, "Tangi la maji kwanza." Tangi lilihitajika, hatukatai. Lakini lilipokwisha tukaingia mambo ya ng'ombe wa gredi, na ombi lake tukalisahau. Siku ya mazishi yake tuliimba bila kinanda, yeye aliyewapigia wafu wetu wote.

Wasichana wawili aliokuwa akiwafundisha bado wanafanya mazoezi kwa vidole juu ya meza. Tumewaona kwa macho yetu.

Basi, Jumamosi jambo hili litakuwa la kwanza, kabla ya michango ya kawaida. Fundi wa viatu pale sokoni amekubali kuubandika mvukuto bila malipo. Mwenye ngozi ya mbuzi iliyolainishwa vizuri, tafadhali aje nayo.