Gari Linaposita Kuondoka: Tupime Kwanza, Ndipo Tununue

Mada iliyotolewa kwa kamati za sharika na wageni wetu wafadhili, Mtera



Tumeombwa kuzungumzia utunzaji wa magari ya miradi. Mada hiyo ni pana, na tukiigusa yote tutaondoka hapa bila kushika hata moja. Hivyo tumechagua tatizo moja tu ambalo wengi wenu mnalifahamu: gari la gia za mkono linalosita wakati wa kuondoka. Dereva anaweka gia ya kwanza, anaachia klachi, anakanyaga mafuta, na gari linazubaa. Linatetemeka, au linaunguruma bila kusogea, au linataka kuzimika. Sekunde mbili tatu zinapita ndipo linaondoka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Huenda mtu akasema sekunde tatu si kitu. Tuangalie hali halisi ya hapa tulipo. Barabara ya Dodoma hadi Iringa iliwekwa lami katika miaka ya 2010, na malori na mabasi sasa yanapita kwa kasi. Magari yetu hutoka kwenye njia za vumbi za vijijini na kuingia barabara hiyo kuu. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 kila sekunde. Katika sekunde tatu limekwisha kusogea mita 66. Dereva wetu amepima kwa macho akaona nafasi inatosha, kisha gari likamsitia katikati ya barabara. Ndani yumo mama mjamzito anayekimbizwa kituo cha afya. Ukivuka bwawa ukaelekea Iringa hadi milima ya Nyang'oro, hatari inageuka: gari lililosimama mlimani likishindwa kuondoka, linarudi nyuma.

Hilo ni suala la uhai. La pili ni suala la fedha. Gari likisita, fundi mmoja atasema klachi imekwisha, mwingine atasema pampu ya nozeli, wa tatu atataka plagi mpya. Kamati inaidhinisha, kipuri kinanunuliwa, na gari linaendelea kusita. Fedha iliyotumika ni sadaka ya mjane wa Migori au ya Fufu, au ni mchango wa mtu wa mbali aliyetuamini.

Wapendwa, katika zahanati jambo hili tulikwisha kulielewa. Zamani kila mwenye homa alipewa dawa ya malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo atibiwe. Homa ni dalili, na dalili moja inaweza kuletwa na magonjwa mengi. Kusita kwa gari nako ni homa. Tunachoomba leo ni kwamba magari yetu yapate heshima ile ile ya kupimwa kabla ya dawa. Vipimo vyenyewe karibu vyote ni vya bure.

Kipimo cha kwanza ni maswali. Gari linasita asubuhi likiwa baridi, au likishapata moto? Likiwa tupu au likiwa na mzigo? Lilianza baada ya kujaza mafuta mahali fulani, baada ya kuvuka maji, au baada ya matengenezo? Moshi una rangi gani? Kisha dereva mwingine mzoefu aliendeshe kwenye uwanja tambarare. Likiondoka vizuri mikononi mwake, basi huenda shida ni namna ya kuachia klachi, au mazoea ya kuondokea gia ya pili. Hapo anayehitajiwa ni mwalimu, wala hakuna kipuri cha kununua.

Kipimo cha pili ni kutenganisha injini na vingine vyote. Injini ikiwa na moto, weka gia nyutro, funga breki ya mkono, kisha kanyaga mafuta kwa haraka na kuachia. Injini ikizama au kukohoa hata bila kuvuta mzigo, tatizo limo ndani yake: hewa, mafuta, au moto wa plagi kwa gari la petroli. Ikipanda vizuri bila kusita, anza kushuku klachi na breki. Hata hivyo tusifunge mlango, kwa kuwa upungufu mdogo wa mafuta huweza kujificha mpaka injini ipewe mzigo.

Kipimo cha tatu ni cha klachi. Dalili ya klachi inayoteleza ni kwamba mlio wa injini unapanda lakini gari halisogei kwa kadiri hiyo, na pengine kuna harufu ya kuungua. Tafuta mahali tambarare, pasiwe na mtu mbele wala nyuma. Funga breki ya mkono, kanyaga na breki ya mguu, weka gia ya tatu, kisha achia klachi polepole. Klachi nzima itaizima injini mara moja. Injini ikiendelea kuunguruma huku klachi umeiachia yote, klachi inateleza. Kanyaga klachi haraka, wala usirudie kipimo hiki mara nyingi, maana chenyewe kinaiunguza.

Kabla ya kununua diski mpya, angalia pedali. Inapaswa kuwa na nafasi ndogo ya kulegea kabla ya kuanza kubana. Nafasi hiyo ikikosekana, klachi haikai sawasawa hata mguu ukiwa umeondolewa, nayo huteleza na kuisha mapema. Kuirekebisha ni kazi ndogo. Aidha, dereva anayepumzisha mguu juu ya pedali akiwa safarini anafanya madhara yale yale. Na gari likiondoka kwa kurukaruka na kutetemeka, wakati injini ni nzuri, fundi atazame kama kuna oili iliyovujia kwenye diski, au kama raba zinazoshikilia injini zimekatika. Kuweka diski mpya bila kuziba oili inayovuja ni kumwaga maji kwenye pakacha.

Kipimo cha nne ni breki. Mara nyingine injini ni nzima na klachi ni nzima, ila gari limeshikiliwa. Kwenye mteremko mdogo na salama, weka nyutro, achia breki, uone kama linaserereka lenyewe. Baada ya safari fupi ambayo hukutumia breki sana, sogeza kiganja karibu na ringi ya kila tairi bila kuigusa. Ringi moja ikitoa joto kuliko wenzake, breki ya hapo inabana. Tazama pia kama breki ya mkono inarudi yote, na kama tairi zina upepo wa kutosha.

Kipimo cha tano ni hewa. Nyanda hizi za kati zina vumbi jingi, na nje ya barabara kuu njia zetu nyingi bado ni za udongo. Injini ya dizeli inayotoa moshi mweusi na kukosa nguvu huenda inakosa pumzi. Fungua filta ya hewa uitazame. Iliyojaa vumbi isafishwe au ibadilishwe. Lakini tunasisitiza: asitokee mtu wa kuendesha bila filta kwa sababu ameona gari limekuwa jepesi. Vumbi linaloingia kwenye silinda hufanya kazi ya msasa, na injini nzima inakwisha.

Kipimo cha sita ni mafuta. Magari mengi ya dizeli yana mahali chini ya filta pa kutolea maji. Chuja kidogo kwenye chupa angavu, uiache itulie. Maji yakiwemo yatakaa chini na dizeli juu. Ukiona hivyo, uliza mafuta yalinunuliwa wapi na yalihifadhiwa kwenye dumu gani. Mtakumbuka kwamba tatizo la kuchanganya dizeli na mafuta ya taa lilikuwa kubwa kiasi kwamba EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchakachuaji. Tununue kwenye kituo kinachotoa stakabadhi, na stakabadhi itunzwe. Kama dizeli ni safi, kagua mipira ya mafuta. Ufa mdogo huingiza hewa bila kumwaga hata tone, na gari huwa gumu kuwaka asubuhi, kisha husita. Nozeli na pampu yake, ambavyo ni ghali, vije mwisho kabisa wa orodha.

Kwa magari ya petroli, plagi na waya zake zitazamwe kwanza. Gari la zamani lenye kabureta lina pampu ndogo ya kuongeza mafuta pale dereva anapokanyaga ghafla. Ikichoka, gari husita palepale linapoondoka, kisha likatulia. Gari jipya lina kompyuta, na fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu anaweza kusaidia sana. Tujue tu kwamba mashine hiyo husoma kile ambacho vihisio vimekiona. Diski ya klachi iliyokwisha haitaionyesha.

Jambo moja zaidi lisije likatusumbua bure. Bwawa letu liko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, Dodoma mjini ni zaidi ya mita 1,100, na Iringa ni karibu mita 1,600. Kadiri tunavyopanda hewa inapungua, na injini isiyo na tabo hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Land Cruiser ya dizeli isiyo na tabo ikiwa nzito kidogo kuondoka Iringa kuliko hapa Mtera, hiyo peke yake si ugonjwa.

Sasa nani afanye nini? Tuanze na madereva. Ndugu zetu, semeni mapema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Andikeni kwenye daftari la gari siku hiyo hiyo: limesita wapi, likiwa na mzigo gani, moshi wa rangi gani. Na mpaka sababu ijulikane, gari hilo lisibebe mgonjwa wala lisipande Nyang'oro.

Wajumbe wa kamati, dereva anayeleta habari hizo asionekane msumbufu, wala asiulizwe kwanza ni nani aliyeharibu. Akikemewa mara moja, mara ya pili atanyamaza. Pia msiidhinishe ununuzi wa kipuri mpaka mmeletewa karatasi yenye majibu ya maswali matatu: kipimo gani kimefanyika, kimeonyesha nini, na kipuri cha zamani kitaonekana wapi kikishatolewa. Karatasi hiyo haimdharau fundi. Fundi mzuri huifurahia, kwa sababu inamlinda na lawama.

Na ninyi wafadhili wetu, tunasema kwa upendo na kwa uwazi. Ni rahisi kupata fedha ya gari jipya, maana gari jipya linapigwa picha. Filta ya hewa haipigwi picha. Lakini uendelevu wa mradi uko kwenye filta, kwenye mipira ya mafuta na kwenye nusu siku ya fundi anayepima kwa utulivu. Tunaomba kila bajeti ya gari iwe na fungu la matengenezo tangu siku ya kwanza, nasi tutaleta daftari la gari pamoja na hesabu zake mlione.

Vipimo vyote tulivyovitaja vinaweza kufanyika chini ya mti, asubuhi moja, kwa chupa angavu, taa ya mkono, kipimo cha upepo na watu wawili wavumilivu. Magari mawili yako hapo nje. Baada ya chai, madereva watatuongoza tuyapime pamoja, kila kamati ikiwa na kalamu na karatasi yake.